Mwalimu Ametaka Raba Gani? Maswali ya Wazazi Kuhusu Michezo, Muziki na Ushauri Nasaha

Barua zilizotufikia kutoka Lamu mwezi huu zinazungumzia jambo moja, ingawa walioziandika hawakuulizana: shule ya msingi inapoanza kufundisha michezo, muziki na ushauri nasaha kwa dhati, jambo hilo linapokewaje nyumbani, na ni nani aliyepaswa kulieleza mapema. Tumezifupisha barua zenyewe na kuacha majina yote.

*Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya umma kisiwani Lamu. Muhula huu tumeamua kwamba vipindi vya michezo na muziki vifundishwe kweli, visibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na tumemteua mwalimu mmoja kushughulikia ushauri nasaha. Katika mkutano wa wazazi nilieleza mipango hiyo kwa nusu saa nzima. Swali la kwanza lilikuwa, "Ni pesa ngapi?" La pili lilitoka kwa mama aliyesoma kwenye simu ujumbe wa dada yake anayeishi Marekani, ambaye mwanawe ana mwalimu wa michezo, mwalimu wa muziki na mshauri wa shule, kila mmoja na chumba chake, akataka kujua wetu wako wapi. Sikuwa na jibu. Nifanyeje ili familia zipokee mipango hii? — Mwalimu mkuu, Lamu*

Mwalimu, nianze na huyo mama mwenye simu, maana swali lake lina manufaa kuliko lile la pesa. Katika shule nyingi za msingi za Marekani mtoto ana mwalimu wa darasa anayemfundisha kusoma, kuandika na hesabu, kisha kwa zamu darasa zima hupelekwa kwa mwalimu aliyesomea michezo, muziki au uchoraji, huku mshauri wa shule akiwa mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Hata huko mambo hayajanyooka, kwa sababu chama cha washauri wa shule cha nchi hiyo kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250 na shule nyingi hazikifikii kiwango hicho. Kwetu sisi mwalimu wa darasa ndiye mwalimu wa karibu kila kitu. Tangu mtaala ulipopunguzwa masomo mwaka 2024, muziki, uchoraji na michezo vimewekwa pamoja katika somo la Sanaa Bunifu kwa gredi ya nne hadi ya sita, na mwalimu yule yule aliyefundisha hesabu saa mbili asubuhi ndiye atakayepuliza kipenga uwanjani saa nne. Mwambie mama huyo hivyo hivyo bila kupamba. Mwambie pia ni nani kati ya walimu wako aliyewahi kufundisha kwaya, nani aliyechezea timu ya mtaa, na nani aliyehudhuria mafunzo ya ushauri nasaha, hata yakiwa ya wiki moja. Mzazi aliyeelezwa uwezo wa shule ulipoishia huwa mwepesi wa kusaidia, na mji wa Lamu haukosi mtu anayejua kupiga zumari au kucheza kirumbizi ambaye angekuja shuleni kwa asubuhi moja akiombwa kwa adabu.

Sasa tuje kwenye ile nusu saa. Hotuba ni njia dhaifu ya kumjulisha mzazi kipindi cha michezo. Kipindi chenyewe katika gredi za juu ni dakika 35, ambazo zinazidi hotuba uliyoitoa kwa dakika tano tu, basi kwa nini wazazi wasikae wakakitazama? Waalike wazazi wa gredi moja tu kwa siku moja, wakae kivulini, mwalimu afundishe kama kawaida, kisha watoto wenyewe waeleze walichokuwa wakifanya na sababu yake. Mzazi atamwona mwanawe akishindwa kudaka mpira mara tatu na kuudaka mara ya nne, na hapo hutahitaji kumweleza maana ya kujifunza. Usiwaalike Ijumaa, wala usiwaalike asubuhi ambayo mashua za uvuvi zinarudi, kwa kuwa utapata akina mama peke yao na baadaye akina baba watasema hawakuulizwa. Kumbuka vilevile kwamba katika nyumba nyingi anayefunga vifungo vya sare ni bibi au shangazi. Mwaliko ulioandikwa "Kwa mzazi" humwacha nje mtu unayemhitaji zaidi.

Kuhusu karatasi unazozipeleka nyumbani, nina kisa changu. Nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu, enzi hizo yangali madarasa na siyo gredi, niliandika ubaoni Ijumaa moja: "Jumatatu kila mwanafunzi alete raba." Nilikusudia viatu vya raba, kwa ajili ya kukimbia. Watoto walinakili kwa hati nzuri. Jumatatu karibu nusu ya darasa walinionyesha vifutio vipya, wengine vikiwa bado ndani ya karatasi ya duka, na watoto wanane hawakufika kabisa, kwa sababu kwao raba ilieleweka kuwa ni viatu na pesa za viatu hazikuwepo. Mbio hazikuwa na haja ya viatu hata kidogo. Uwanja ulikuwa wa mchanga na mimi mwenyewe niliukimbilia miguu mitupu nilipokuwa mdogo. Tangu siku hiyo naamini kwamba kila karatasi inayotoka shuleni inapaswa kusema kitu gani kinatakiwa, kwa kazi gani, na mtoto asiye nacho atafanyaje. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalowabakiza watoto nyumbani.

Yapo mambo mawili ya wakati ambayo mwalimu aliyetoka bara huenda asiyaone. La kwanza ni msimu. Muhula wa pili huangukia ndani ya msimu wa upepo wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na wavuvi wengi wakiwa wameketi. Ombi lolote la vifaa likitolewa wakati huo litajibiwa kwa hasira, ilhali ombi lile lile likitolewa wakati wa kaskazi lingejibiwa kwa kawaida. La pili ni chuo, yaani madrasa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na shughuli za nje ya darasa kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika 45. Muda huo wa pili ndio muda ambao watoto wa Lamu wanakwenda kusoma Kurani. Ukiweka mazoezi ya kwaya hapo, utakuwa umemlazimisha mtoto achague kati ya mwalimu wako na maalimu wake wa chuoni, na sioni sababu ya kumtia mtoto katika mtihani huo. Weka shughuli zako ndani ya ratiba ya asubuhi kadiri iwezekanavyo, na kabla ya kutangaza lolote la jioni nenda ukazungumze na maalimu wa vyuo vinavyoizunguka shule. Utapewa kahawa na pengine siku mbili kwa wiki.

*Mwanangu yuko gredi ya tano. Siku hizi anarudi na vumbi miguuni na nyimbo mdomoni, na mtihani hauulizi nyimbo. Tena sisi ni watu wa dini na sipendi afundishwe kupiga ala. Je, naweza kumkataza asiingie kipindi hicho? — Baba wa watoto wanne, Langoni*

Ndugu yangu, umechanganya mambo mawili ambayo yafaa yatengwe, kwa kuwa moja nina jibu lake na jingine si langu.

La mtihani ni rahisi. Ule mtihani wa darasa la nane tulioukulia, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ndio uliotufundisha kwamba somo lisilo na karatasi ya mtihani ni mchezo. Tathmini ya gredi ya sita, ambayo ilianza mwaka 2022, haipo kwa ajili ya kuwachuja watoto wachache waendelee na wengine wabaki; wote wanaingia sekondari msingi. Na nyimbo zinaulizwa: tangu tathmini hiyo ianze kumekuwa na karatasi iliyounganisha sanaa na Masomo ya Jamii. Ama vumbi la miguuni, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za harakati za kutoa jasho kila siku. Zamani mtoto wa Lamu alizipata bila ya kushauriwa na mtu, kwa kuchota maji, kukimbiza punda na kucheza nage hadi magharibi. Wako sasa, niambie kweli, anaporudi chuoni huketi na nini mkononi?

La dini sikutolei fatwa, maana wako wanaostahiki kuulizwa na huna haja ya kutoka Langoni ili uwapate. Nitakueleza tu yaliyomo ndani ya kipindi, ili unapokwenda kuuliza uulize juu ya jambo lenyewe na siyo juu ya neno "muziki". Sehemu kubwa ya somo katika umri huo ni sauti na mapigo: kuimba kwa pamoja, kusikiliza, kupiga makofi kwa mpangilio, kutambua sauti iliyopanda na iliyoshuka, na kujifunza nyimbo za jamii mbalimbali. Nimewahi kuketi nyuma ya darasa ambalo mwalimu alifundisha mapigo kwa kutumia utenzi. Aliandika kipande kimoja alichokitunga mwenyewe, "Bahari i kando yetu", akawaambia watoto wakunje kidole kimoja kwa kila silabi: ba, ha, ri, i, ka, ndo, ye, tu. Vidole vinane vikakunjwa, vidole gumba viwili vikabaki vimesimama, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akalalamika kwamba chake cha kushoto kinajikunja chenyewe. Kisha wakapiga makofi manane, halafu nusu ya darasa wakasoma kipande na nusu wakashika mapigo. Hapakuwa na ala hata moja chumbani, na ni mizani ile ile ambayo bibi zetu waliihifadhi kwa masikio. Mji huu pia, kama ujuavyo kuliko mimi, una Maulidi ya Riyadha ambapo matari hupigwa mbele ya wazee wenye elimu, na una watu wengine wenye elimu wasioyapenda. Kwa hiyo kuhitilafiana kwenu si jambo jipya lililoletwa na shule.

Ikiwa baada ya kuuliza bado moyo wako haukuridhia ala, usimzuie mtoto kwa kumficha nyumbani siku ya Jumatano. Nenda kwa mwalimu, umwambie bayana, na umwombe mwanao afanye kazi zake kwa sauti na makofi. Mwalimu mwenye busara ataona njia, na mtoto hatakuwa katikati yenu.

*Binti yangu wa gredi ya sita hataki kucheza kwa sababu ya mavazi. Shule inasema bukta. — Mama, Shela*

Shule ikisema bukta, iulize kama inakataa trakisuti, kwa maana mara nyingi haikatai, ila mwenye kuandika orodha hakufikiria. Suruali pana ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu na mtandio wa kuvaa kichwani usio na pini yatosha kwa mchezo wowote. Pini ndiyo hatari, kwa mvaaji na kwa mwenzake. Viongozi wa kandanda duniani waliruhusu wachezaji kufunika kichwa mwaka 2014 na wale wa mpira wa kikapu mwaka 2017, hivyo itakuwa ajabu uwanja wa shule ya msingi ukiwa na sheria kali kuliko Kombe la Dunia. Umuulize pia binti, kwa faragha, kama ni mavazi kweli. Katika umri wake huenda ni siku zake, au ni wavulana wanaotazama kutoka ukutani. Kwa hilo la pili mwalimu ahamishe wavulana, asimhamishe yeye.

*Mwanangu wa kiume wa miaka tisa ameitwa mara mbili na mwalimu wa ushauri nasaha. Jirani ameniuliza amefanya kosa gani, na mwingine anasema watoto wanaoitwa huko wana kasoro ya akili. Mtoto haniambii walizungumza nini. Nina haki ya kujua? — Mama, Matondoni*

Pole, mama. Majirani hao si wabaya, wanasema walichokiona. Katika shule nyingi mwalimu aliyepewa ushauri nasaha ndiye huyo huyo wa nidhamu, na mtoto anayeitwa ofisini kwake Jumatatu kwa kuchelewa hawezi kuamini kwamba Jumanne ameitwa kwa wema. Kwa maoni yangu huo ni mpango mbovu na walimu wakuu wanaonisoma wautengue leo. Viboko katika shule za Kenya vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kisaikolojia. Wengi waliitafsiri sheria hiyo kuwa "basi apelekwe kwa ushauri nasaha", na ndipo ushauri ukaanza kunuka adhabu.

Kazi yenyewe ni ndogo na ya kawaida kuliko jina lake. Mwalimu ameona kitu: mtoto aliyekuwa akisema sana amenyamaza, au anasinzia, au chakula chake anampa mwenzake, au daftari lake limejaa michoro ya chombo kimoja tangu mjomba wake alipopotea baharini. Anamwita, wanaketi, anamsikiliza. Pengine wanachora, pengine wanacheza mdako huku wakizungumza, kwa sababu mtoto wa miaka tisa huzungumza vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Mara nyingi vikao viwili au vitatu hutosha. Watu wa pwani hatukuwa wageni wa jambo hili. Msichana alikuwa na somo wake, yaani mwanamke mzima wa kumfunda, ambaye aliyajua mambo ambayo mama mzazi hakuambiwa, na hakuna aliyesema msichana yule ana kasoro.

Kuhusu haki yako, unayo, nayo ina mpaka. Una haki ya kujua kwamba mwanao anaonana na mwalimu huyo, kwa sababu gani kwa jumla, na nyumbani ufanye nini. Maneno aliyoyasema mtoto, neno kwa neno, ni bora uyaache yakae walipoyaacha, kwa maana akijua kwamba yanafika jikoni kabla yake hatasema tena. Lakini siri hiyo nayo haikosi mlango: mtoto akisema kwamba anapigwa, anaguswa vibaya au anafikiria kujidhuru, mwalimu hana ruhusa ya kunyamaza, na mwalimu mzuri humwambia mtoto hivyo tangu kikao cha kwanza. Nenda ukamwone mwalimu, ujitambulishe, umwulize swali moja tu: "Umeona nini?" Usiende na mtoto, wala usimhoji usiku. Na iwapo siku moja utahitaji kusema na mtu aliye nje ya kisiwa, nambari 116 ya simu ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo kutoka popote nchini.

Jirani akikuuliza tena, mwambie mwanao alikwenda kuzungumza na mwalimu wake.

*Tumeambiwa tununue rekoda, ile filimbi ya kujifunzia muziki. Je, watoto wangu wawili waweza kutumia moja? — Baba, Faza*

Waweza, ikiwa vipindi vyao haviko kwa wakati mmoja na inaoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kati ya mmoja na mwingine, kwa kuwa ni kitu cha kutiwa mdomoni. Nunua ya plastiki. Noti tatu za mwanzo zinatumia mkono wa kushoto peke yake, gumba nyuma na vidole vitatu mbele, hivyo ukisikia wiki nzima sauti tatu zile zile usidhani mtoto ni mzito. Ikilia kama paka aliyekanyagwa, tundu moja halikuzibwa sawasawa au anapuliza kwa nguvu mno. Na kama pesa hazipo, mwandikie mwalimu barua. Mtoto asiyekuwa na rekoda asitolewe darasani.

*Tunaishi kisiwani, na watoto wengi wa shuleni kwetu hawajui kuogelea, hasa wasichana. Kwa nini mwalimu wa michezo asiwafundishe baharini? — Mzazi, Mkomani*

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, na jibu langu ni kwamba afundishe, ila si kwa ratiba ya shule ilivyo. Mtaala uliweka kuogelea miongoni mwa mambo ya kufundishwa mahali penye nafasi, na waliouandika bila shaka walikuwa na bwawa akilini. Bwawa halina kujaa na kupwa. Maji ya bahari huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na katika wiki moja huwa yamegeuka kabisa: kipindi cha Jumanne saa tatu kikikuta maji yamejaa, Jumanne inayofuata saa tatu kitakuta matope na ngalawa zimelala ubavu. Kwa hiyo shule inayotaka kufundisha kuogelea itapanga siku zake kwa kalenda ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, itaomba ruhusa ya maandishi ya kila mzazi, na itachagua maji mafu yenye mkondo mdogo, mahali pa mchanga, mbali na njia ya mashua. Mwalimu mmoja asichukue zaidi ya watoto wachache anaoweza kuwahesabu kwa kutupa jicho mara moja, na mtu mzima wa pili asimame majini upande wa kina akiwa hana kazi nyingine. Wasichana wafundishwe na mwanamke, saa yao wenyewe. Zungumzeni na manahodha. Wao ndio watakaowaambia ni upande gani wa kisiwa msiwapeleke watoto wakati wa kusi.